Mwagize Mpiga Picha, Lawama Zibaki Kwake

Hongera, ndugu afisa uhusiano. Mkurugenzi ameona kalenda ya kampuni ya wenzenu, usiku hakulala, na asubuhi ametamka kikaoni kwamba nanyi mnahitaji "picha za kampuni". Ofisi yenu iko Nyakato, Manispaa ya Musoma. Mnakusanya dagaa, mna chumba cha kuchakata minofu ya sangara, mna gari moja lenye nembo. Mpiga picha atatoka Mwanza. Wewe ndiye umeagizwa kuandika hadidu za rejea.

Hapa wengi hupotea njia. Wanadhani karatasi hiyo ni ya kumsaidia mpiga picha afanye kazi yake vizuri. Sivyo. Karatasi hiyo ni ya kukulinda wewe, siku picha zitakapofika na bosi akakunja uso. Ikiandikwa kwa ustadi, haitakuwa na jambo hata moja ambalo mtu anaweza kukuuliza baadaye. Nifuate polepole, na haya yabaki kati yetu.

Hatua ya 1: Usiseme picha ni za nini

Hili ndilo la msingi. Mengine yote ni mapambo. Ukiandika "tunataka picha tatu za kumwonyesha mnunuzi kwamba dagaa wetu wanaanikwa juu ya vichanja na si mchangani", umekwisha. Umetoa kipimo, na mwenye kipimo atapima. Andika hivi: "Picha zenye ubora wa hali ya juu zitakazoakisi taswira chanya ya taasisi kwa matumizi mbalimbali." Sentensi ya namna hiyo haijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Ndani yake imo kalenda, limo bango la Nane Nane, imo taarifa ya mwaka, na hakuna hata kimoja ulichoahidi.

Jihadhari na mfano mbaya wa Likoni. Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya kuchora: meli, ndege, maghorofa. Wengi wa wateja walikuwa vijana waliotoka bara kutafuta kazi, na kijana aliyesimama pale alijua picha inakwenda kwa nani. Inakwenda nyumbani, mama aone kwamba mwanawe kafika mjini na mambo si mabaya. Basi alijua avae nini, asimame wapi, ashike nini mkononi. Hakuandika hata mstari mmoja, na picha ikatoka alivyotaka. Wewe una karatasi yenye nembo na muhuri. Usijishushe hadi kumfikiria mtazamaji.

Hatua ya 2: Taja mahali, ila usizidishe

Andika "Nyakato" tu. Inatosha. Nyakato moja iko Musoma, nyingine iko Mwanza, na nyingine iko Bukoba, zote kandokando ya Ziwa Victoria lilelile. Mpiga picha wa Mwanza akisoma "Nyakato, asubuhi na mapema", ataamka kwa raha zake, atachukua bodaboda, na saa 12 na nusu atakuwa amesimama Nyakato ya wilayani Ilemela, vifaa begani, akiuliza watu kiwanda cha dagaa kiko wapi. Ninyi mnamngoja zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, mmeshapaka mafuta na kuvaa fulana mpya.

Mpaka apite Magu, Lamadi na Bunda ndipo awafikie, adhuhuri imeingia. Uzuri ni kwamba mkononi una barua inayoonyesha nani amechelewa.

Hatua ya 3: Chagua tarehe bila kuutazama mwezi

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi penye giza. Mwezi ukiwa mpevu, maji yote yanang'aa, dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika, wakishona nyavu na kudaiana. Kila mchuuzi wa Mwigobero, hapo hapo Musoma, anajua jambo hili, na angekwambia bure.

Kwa hiyo usimuulize. Chukua kalenda ya ofisi, tafuta siku ambayo mkurugenzi hana safari, weka duara. Ikiangukia mbalamwezi, mpiga picha atakuta vichanja vitupu, mitumbwi imepandishwa mchangani, na korongo wawili wamekata tamaa. Mwagize apige hivyohivyo, kisha maelezo ya picha yasomeke: "Shughuli za uzalishaji zikiendelea."

Ukitaka kukamilisha, weka siku hiyo katikati ya masika, Aprili. Dagaa wasioona jua hawakauki, na hakuna anayewaanika mvua ikinyesha.

Hatua ya 4: Iache saa ijitegemee

Andika "8:00" bila kusema asubuhi wala mchana. Mpiga picha ataelewa saa 2 asubuhi. Watumishi wataelewa saa 8. Watakapokutana, mwanga mzuri wa asubuhi umekwenda zake, na mmebaki na jua la mchana.

Na jua la Musoma si la kubembelezwa. Mji uko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na adhuhuri yake halisi huangukia karibu saa 7 kasoro robo. Wakati huo mwanga unashuka utosini moja kwa moja. Paji la uso linaangusha kivuli machoni, pua inaangusha kivuli mdomoni, na bodi nzima ya wakurugenzi inatoka bila macho. Wapange mbele ya ukuta mweupe ili kazi ikamilike. Kamera ikiachwa ijikadirie yenyewe huchukulia kwamba vyote inavyoviona, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Ikikutana na ukuta mweupe na makoti meupe, inapunguza mwanga: ukuta unakuwa kijivu, nyuso zinakuwa giza.

Usiandike neno lolote kuhusu rangi ya ngozi zenu. Mwachie mpiga picha na mashine yake. Historia iko upande wako. Kwa miongo mingi Kodak ilisambaza kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Watu weusi walitoka kwenye picha meno na macho tu. Waliosikilizwa walipolalamika ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu chokoleti ya maziwa na chokoleti nyeusi zilitoka sawasawa. Wao walijua wanachotaka kionekane, wakakisema. Sasa unaona madhara ya kusema.

Mtu akishauri mhamie jioni, kubali, lakini msimame ufukweni siku ambayo wadudu wa ziwani wamepanda juu ya maji kwa wingu zima. Mwambie mkurugenzi acheke kwa kufungua mdomo.

Hatua ya 5: Bosi aonekane kila mahali

Wala usione haya. Yeye mwenyewe hataona. Andika kwamba mkurugenzi atapigwa picha ofisini, ghalani, mwaloni, ndani ya gari, nje ya gari, na akielekeza kidole upande ambao hakuna kitu. Watumishi wanne wasimame nyuma yake wakiicheka kompyuta iliyozimwa. Mvalishe kofia ngumu ya wajenzi, hata kama juu yake hakuna kinachoweza kuanguka isipokuwa mavi ya korongo.

Kilele chake kiwe chumba cha minofu. Mle ndani kanuni za usafi ni koti jeupe, buti, nywele zimefunikwa, pete na saa zimevuliwa. Wafanyakazi wote watakuwa hivyo, na ndiyo maana hakuna atakayejulikana ni nani. Mwingize mkurugenzi na suti yake ya bluu, tai, saa ya dhahabu na kichwa wazi, kisha ashike mnofu kwa mkono mtupu na kutabasamu.

Picha hiyo itapendwa mno ofisini. Itakuzwa, itawekwa mapokezi, itatumwa kwa mnunuzi Ulaya. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu katika uvuvi, na viwanda vya kandokando ya ziwa vikaumia vibaya. Mnunuzi anayekumbuka mambo hayo hataangalia tabasamu. Ataangalia mkono na nywele. Mtakuwa mmempelekea ushahidi dhidi yenu wenyewe, umepigwa kwa kamera ya bei mbaya na kugharamiwa na kampuni. Jibu lako lipo tayari: mpiga picha ni mtaalamu, kwa nini hakusema?

Hatua ya 6: Orodha iwe ndefu, mpangilio usiwepo

Zungukia idara zote ukauliza kila mmoja anataka picha gani. Uhasibu watataka wapigwe na mafaili. Ugavi watataka ghala. Mlinzi atataka geti, na ana hoja. Andika yote bila kupanga lipi ni la lazima na lipi ni la hiari, kisha toa saa tatu za kazi.

Ongeza picha ya juu kwa droni. Usitaje kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala usimkumbushe mtu kwamba uwanja wa ndege wa Musoma uko humohumo mjini.

Malizia na picha ya pamoja. Hii ndiyo itakayokula muda, maana si picha, ni itifaki. Nani akae kiti cha kati, nani asimame, kwa nini mkuu wa kitengo amewekwa pembeni wakati yeye alianza kazi kabla ya fulani. Watu 40 kwenye mstari mmoja, ndani ya picha yenye upana wa pikseli 4,000, kila mtu anapata pikseli 100 na mabega yake yakiwemo. Hakuna atakayeonekana vizuri, na hakuna atakayelalamika kwamba ameachwa.

Kitu cha kuepuka ni picha yenye kazi moja. Aprili 1964 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa hapa jirani Butiama, alipigwa picha akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Hebu hesabu makosa. Hatazami kamera. Hapeani mkono na mtu. Hajashika hundi ya mfano. Anamimina udongo chunguni, basi. Zaidi ya miaka 60 imepita, na mtoto wa shule ya msingi akiiona anakwambia kinachotendeka bila kusoma maelezo yaliyo chini. Picha ya namna hiyo ni hatari kwa taasisi. Mtu akiielewa peke yake, afisa uhusiano atalipwa kwa kazi gani?

Hatua ya 7: Usimwombe mtu ruhusa

Mwaloni mtamkuta mama anageuza dagaa wake juu ya kichanja. Mwanga umemkaa vizuri, kitenge kinapendeza, mikono inasimulia kazi. Mpiga picha atamwona kabla yenu. Mwache apige, na mwezi ujao mama yuko kwenye bango la barabarani, mita tatu kwa sita, akitangaza kampuni ambayo hajawahi kuuziana nayo hata debe moja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na iko tume ya kuisimamia. Kilichohitajika ni karatasi moja ya Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele yake, iseme sura yake itatumika wapi na kwa muda gani, aweke sahihi au dole gumba, na apewe haki yake kidogo kwa muda mliompotezea. Dakika tano. Lakini dakika tano hizo zitakufanya useme picha itatumika wapi, na sisi kwenye hatua ya kwanza tulikubaliana nini?

Akija ofisini na mwanawe anayesoma sheria, mwonyeshe mlango wa mpiga picha. Uko Mwanza.

Hatua ya 8: Fedha na mafaili viandike kwa huruma

Kwenye malipo andika "picha zote". Usitaje idadi. Mpiga picha atadhani ni picha 30 zilizochaguliwa na kusafishwa; mkurugenzi atadhani ni kila mara kamera ilipolia, ikiwemo ile aliyofumba macho. Ugomvi huo utawafikisha salama hadi mwaka mpya wa fedha.

Usitaje malipo ya awali. Mwambie fungu linasubiri kuidhinishwa. Atajaza mafuta kwa fedha zake na kulala gesti kwa fedha zake, na mtu aliyelala gesti kwa fedha zake hapigi picha ya ziada.

Nyamaza pia kuhusu nani ana haki ya kuzitumia picha hizo, wapi, na hadi lini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha mnato pamoja na kazi nyingine, lakini mstari mmoja wa makubaliano ungewaondolea wote wawili usumbufu, nasi hatuko hapa kuondoa usumbufu. Siku mtakapoikuta picha ya ghala lenu kwenye tangazo la washindani wenu, mtakuwa na mada ya kikao.

Mwisho, pokea picha kwa WhatsApp. Inazibana zikawa nyepesi, zinafika haraka, na kwenye simu zinapendeza. Ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri unahitaji pikseli zipatazo 2,480 kwa 3,508, na kalenda ya ukutani inataka zaidi ya hapo. Usimweleze mtu. Mchapaji atazivuta zijae karatasi, na uso wa mkurugenzi, mwezi Januari, utakuwa na vipande vya mraba. Mchapaji naye si mtu wa ofisi yenu.

Hatua ya 9: Uteuzi wa picha ufanywe na kamati

Unda kamati ya watu saba. Ikae na biskuti. Waonyeshe picha zote ukutani, kisha tulia uangalie macho yao. Hakuna hata mmoja anayetafuta picha inayoeleza kampuni. Kila mmoja anajitafuta mwenyewe: tumbo limetoka vipi, kipara kimeng'aa kiasi gani, yule mwenzake kwa nini amesimama karibu na bosi kuliko yeye. Mhasibu atakataa picha bora ya siku ile kwa sababu ndani yake anatafuna. Picha ya yule mama mwaloni haitapata kura hata moja, kwa kuwa hana mtu kwenye kamati.

Itakayoshinda ni ile ambayo wote saba macho yamefunguka. Wamesimama mbele ya ukuta, wamebana mikono, hawafanyi kitu. Ingeweza kuwa picha ya kampuni ya bima, ya shule, au ya wageni wa msibani. Ipitishe kwa kauli moja na uandike kwenye muhtasari kwamba uamuzi ulikuwa shirikishi.

Tahadhari ya mwisho

Mbinu hizi zina adui mmoja tu, na mara nyingi ni kijana wa mafunzo kwa vitendo. Atanyoosha mkono kikaoni na kuuliza kwa adabu: "Samahani wakubwa, picha hizi ataziangalia nani, na tunataka akishaziona aamini nini?"

Msimjibu. Mkimjibu, mtaandika sentensi moja, na sentensi hiyo itapanga yote mliyoyaacha wazi: siku ya kwenda mwaloni, saa ya kupiga, nani avue saa ya mkononi, picha ngapi, na yupi aombwe ruhusa. Karatasi itatosha upande mmoja. Mpiga picha atafika Nyakato iliyo sahihi, atamaliza kabla ya jua kuwa kali, na atadai ujira wake akiwa na sababu zote za kulipwa.

Mshukuruni kwa mchango wake mzuri, kisha Jumatatu mpelekeni ghalani akahesabu magunia. Akiachwa kwenye meza yako mwaka mmoja, wateja wataanza kupiga simu kwa sababu ya picha walizoziona, na bosi atakuita akuulize ulikuwa ukifanya nini miaka yote hiyo.